Shingo za Marubani na Mafuta ya Kondoo

Tangu nistaafu, wenzangu wadogo niliowaacha kambini hawachoki kunipigia simu. "Madam, andika hizo mambo kabla hujasahau," wananiambia, kana kwamba kustaafu ni ugonjwa wa kichwa. Haya basi, naandika. Nimekaa nje ya nyumba yangu hapa Kapsoit, chai moja iko kikombeni na nyingine iko shambani inangoja kuchumwa, na ng'ombe wangu ananitazama kama mkubwa wa kambi anayetaka kujua kwa nini sijaripoti. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo havijawahi kumponya mtu shingo, na mishahara mnaijua wenyewe.

Kwa asiyenijua, mimi ni Chepkoech, na maisha yangu yote ya kazi nilikuwa fizio, mtu wa kutibu misuli na viungo kwa mikono na mazoezi, katika kambi ya ndege za kivita, mbali na nyumbani, mahali ambapo vumbi ndilo linalofanya kazi ya ukungu. Kazi yangu kubwa ilikuwa shingo za marubani. Waliniita Mama Shingo, mwanzoni kwa mzaha, baadaye kwa heshima, na mwishowe kwa sababu walikuwa wamesahau jina langu.

Siku ya kwanza nilifika nikidhani nitatibu magoti ya askari wanaokimbia na mizigo. Nilipokelewa na Sajini Mutua, fizio mzee wa kambi, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa ambayo ungedhani ni ya mchimba visima. Sikuonyeshwa chumba cha matibabu wala kitanda. Alinipeleka mahali pa kuegesha magari nje ya bwalo la maofisa, saa ya chakula cha mchana ikimalizika, akaniambia, "Simama hapa. Angalia vile wanarudisha gari nyuma."

Nikaangalia. Ofisa wa kwanza aligeuza kichwa, akatazama nyuma, akatoka. Wa pili aligeuka mabega na kifua na kila kitu, kama mlango unaofunguliwa. Wa tatu hakugeuka kabisa. Alimwita askari wa getini amwelekeze.

"Umeona wagonjwa wangapi?" Mutua akaniuliza.

"Kwani kuna mgonjwa hapo?"

"Hao wawili wa mwisho. Na ukienda kuwauliza sasa hivi, watakuambia wako sawa kabisa."

Nikamwuliza kwa nini mtu mzima afiche maumivu wakati dawa iko hatua chache kutoka anapokula. Mutua alifikiria kidogo. "Rubani akisema shingo inauma, daktari anamweka chini. Akiwekwa chini, hapandi ndege. Na asipopanda ndege, hajui yeye ni nani." Halafu akaenda zake kumenya chungwa. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na ukweli ni kwamba miaka yote iliyofuata nilikuwa nikilifanyia mazoezi tu.

Wiki hiyo hiyo alinipeleka kwenye banda la ndege, akaomba ruhusa, akanikalisha ndani ya ndege iliyokuwa imeegeshwa. Nilivalishwa helmeti na maski, nikafungwa mikanda mpaka pumzi ikawa ya kuomba. "Sasa angalia mkia wa ndege yako," akasema. Jaribuni siku moja, nyinyi mliozoea vitabu. Mabega hayaendi popote, kiuno hakiendi popote, kwa hiyo shingo ndiyo inayotumwa peke yake. Nilifika nusu ya njia nikasikia kitu kikilia ndani ya sikio. "Na hapo ndege imesimama," Mutua akasema, "na hakuna anayekufukuza."

Shida ilikuwa kuwaeleza marubani wenyewe, maana hao ni watu wasioamini kitu mpaka wakione kwenye saa yenye mshale. Nikakumbuka mizani ya kuning'inia, ile ya pale kituo cha majani chai, ambako mama yangu alikuwa akishusha kikapu na kukazia macho mshale asije akapunjwa. Nilinunua moja nilipokuwa likizo, nikaifunga kwenye boriti ya chumba changu cha matibabu. Niliwaita marubani, nikaitundika helmeti na maski yake. Haikufika kilo mbili. Wakacheka. Mmoja wao, meja mwenye shingo nene kama gogo, akasema, "Mama, hata mtoto wangu anabeba hiyo."

Nikawaambia kichwa cha mtu ni kama kilo tano, tukijumlisha tuna saba. Ndege ikikata kona kali kila kitu kinakuwa kizito mara sita, na hiyo mnaijua nyinyi kuliko mimi. Nikachukua mfuko, nikatia mawe mpaka mshale ukapita arobaini, nikauacha uning'inie mbele yao. Ulikuwa uzito wa majani ambayo mama yangu alichuma siku nzuri, siku ambayo majirani walimsifu. "Sasa weka hiyo juu ya kichwa," nikamwambia meja, "halafu ugeuke uangalie nyuma." Hakucheka tena. Kesho yake alikuja peke yake, akafunga mlango, akaniomba nimwangalie kidogo, "si kwamba kuna shida."

Mizani hiyo ilifanya kazi mpaka siku yangu ya mwisho. Nilifunga mkanda kwayo, rubani anauvaa kwenye paji la uso na kuusukuma kwa kichwa, mbele, nyuma, kando, nasi tunaona shingo ina nguvu kiasi gani na upande upi ni mvivu. Baadaye tuliletewa mashine ya kisasa ya kazi hiyo hiyo, yenye kioo na taa. Ilifanya kazi muda mfupi, ikahitaji kifaa ambacho hakikupatikana, na tangu hapo ni mahali pazuri sana pa kutundika makoti.

Kwa mazoezi tulitumia tyubu za baiskeli zilizokatwa vipande, na taulo. Kabla ya kupanda ndege, pasha shingo joto, polepole, kama unavyopasha mwili kabla ya kukimbia. Kabla ya kukata kona, weka kichwa mahali kitakapokaa, kiegemeze, ndipo uvute. Usigeuke mzigo ukiwa tayari umekukalia. Helmeti ikae vizuri, isitingishike. Na msimnyonge mtu shingo ili isikike ikilia, hata akiwaomba kwa magoti. Sauti hiyo inawafurahisha wengi, lakini siyo matibabu.

Nilikuwa na kliniki nyingine ambayo Mutua hakuijua, nayo ni kanisa la kambi. Mnajua wahubiri wetu: "Mgeukie jirani yako umwambie, leo ni siku yako!" Mimi nilikaa nyuma makusudi. Mchungaji akisema mgeukie jirani, wenye afya wanageuza kichwa, na wagonjwa wangu wanageuka na kiti. Mungu anisamehe, mahubiri mengi sikuyasikia, lakini nilijua ni nani nitamtafuta Jumatatu.

Huko kanisani ndiko nilikoigundua shingo ya Langat.

Langat alikuwa kapteni kijana kutoka Ndanai. Siku ya kwanza aliposikia mimi ni wa Kapsoit alinisalimia kwa Kipsigis, "Chamgei, Mama," mbele ya watu wote, akacheka kwa furaha kama aliyempata ng'ombe wake aliyepotea. Nilimpenda mara moja, na sioni haja ya kuficha. Alikuwa akifundishwa kuwa mwalimu wa marubani, na mwalimu hukaa kiti cha nyuma. Wanaofanya kazi hii lazima wajue jambo hili: anayekaa nyuma ndiye anayeumia zaidi. Wa mbele anajua atavuta lini, kwa sababu mkono ni wake. Wa nyuma ameinama anaangalia saa zake, au amegeuka anaangalia ndege nyingine, na mwanafunzi anakata kona bila kusema neno.

Jumapili moja mchungaji alisema mgeukie jirani, na Langat akageuka mzima mzima, akimshika jirani mkono kwa tabasamu kubwa. Nilimngoja nje.

"Shingo iko aje?"

"Iko fiti, Mama. Nililala vibaya tu."

Katika miaka yangu yote sijakutana na rubani aliyeumia hewani. Wote wamelala vibaya.

Nikamkaribisha aje nimwangalie, akasema atakuja, na hakuja. Akaenda likizo fupi nyumbani. Baada ya kuondoka ndipo Wafula alipobisha mlango wangu. Wafula alikuwa fundi wa kutunza helmeti na maski za marubani, mtu msafi ambaye kucha zake ungeweza kuzilia chakula. Alikuwa ameshika maski iliyofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Madam, hebu nusa hii kitu."

Nikanusa, na nyumbani kukaniingia puani. Nilimwona nyanya yangu amepiga magoti jikoni, kopo likipata joto kando ya moto, na mtoto mchanga akisubiri kupakwa. Yalikuwa mafuta ya kondoo.

"Ni ya Kapteni Langat," Wafula akasema. "Imepakaa kwa mkanda, imeshuka mpaka hapa kwa mpira wa hewa. Madam, huyu mtu anataka kuchomeka uso?"

Nieleze, kwa msomaji asiye wa kazi hii. Rubani hupumua oksijeni kupitia maski ile, na oksijeni na mafuta ni watu wasiotakiwa kukaa nyumba moja. Mafuta yakikutana nayo yanaweza kuwaka bila kibiriti. Ndiyo maana mafundi kama Wafula hata mafuta ya kujipaka mikononi hawatumii kazini. Langat alijua sheria ya grisi na mafuta ya mashine, wote wanafundishwa. Lakini mafuta ya kondoo kwake hayakuwa mafuta ya aina hiyo. Yalikuwa dawa, yalikuwa ya nyumbani, na alikuwa amepakwa tangu azaliwe. Rubani wa kutoka Mombasa asingeweza kufanya kosa hilo. Lilitaka mtoto wetu.

"Umeshasema kwa mkubwa?" nikamwuliza Wafula.

"Bado. Maski nimeitoa kazini, na mwenyewe yuko likizo, so hakuna hatari ya leo. Lakini akirudi Jumatatu asiposema yeye, mimi nitasema. Madam, sitaki kuzika mtu."

"Ni haki yako," nikamwambia. Jumamosi nikawa niko njiani kwenda Ndanai, kwa sababu kwa simu mtu anaweza kukuficha hata mguu uliokatika.

Nilimkuta amelala kifudifudi kwenye ngozi nje ya nyumba ya nyanya yake, na mwanamke mzee mwembamba, Kogo Taprandich, akimkanda shingo. Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Kopo lilikuwa pale, kando ya makaa. Langat aliponiona alitaka kuruka, akashindwa, akalazimika kujiviringisha kwanza kama gunia. Kogo hakuwa na haraka. Aliniuliza mimi ni wa nani, baba yangu alikuwa wa ukoo gani, na kama mahindi ya Kapsoit yamepata mvua. Baada ya hayo ndipo akaniuliza kwa Kipsigis, "Huyu mtoto shingo yake imekuwa mti. Mnambebesha nini huko?"

"Helmeti, Kogo."

"Hiyo tu?"

"Na kichwa chake."

"Hicho kilikuwa kizito tangu azaliwe," akasema. "Muulize mama yake."

Tukacheka wote watatu. Chai ikaletwa. Kogo akamnyooshea mjukuu wake kikombe, naye Langat akakipokea kwa mkono wa kushoto. Kogo akaguna, akanigeukia mimi kama mkubwa mwenzake. "Hiyo ndiyo mnawafundisha jeshini? Tangu arudi anapokea kila kitu kwa kushoto, hata kwangu. Nimemkemea nimechoka."

Mwenye kulelewa kwetu hapokei kikombe cha nyanya yake kwa mkono wa kushoto. Anaweza kusahau sala, anaweza kusahau shule, lakini hilo hasahau. Nikaweka kikombe changu chini, nikamwambia Langat, "Nipe mkono wa kulia. Bana kidole changu kwa kidole gumba na cha shahada." Akabana. Ingekuwa nguo imeanikwa kwa kibanio hicho, ingeshaanguka.

Nikamwomba tutembee kidogo. Tulifuata ua wa ng'ombe mpaka mahali ambapo mahindi yanaanza, na Kogo hangeweza kutusikia.

"Vidole vimekufa ganzi tangu lini?"

Aliutia mkono wa kulia mfukoni.

"Langat, shingo kuuma ni jambo moja. Ganzi mpaka vidoleni maana yake kuna mshipa wa fahamu umebanwa. Hiyo haikandwi. Hiyo ni ya daktari."

"Mama, ukisema, mimi nimekwisha," akasema. "Tangu nikiwa class four sijawahi taka kitu ingine. Hapa Ndanai watu wakiona ndege yoyote, hata ya abiria, wanasema ni mimi. Nikiwekwa chini nitawaambia nini?"

"Unaendesha ndege na mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na mwanafunzi wako akikosea huko juu, mkono gani unamwokoa?"

Alikaa chini kwenye nyasi, mtu mzima mwenye urefu wa mlango, akalia. Nami nikakaa kando yake. Nilikuwa nimetibu watu wengi lakini hapo sikuwa na cha kushika. Aliniuliza kama ataruka tena, na nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Iliniuma kusema hivyo. Ningempa uongo mzuri, ningempa hata ng'ombe, lakini uongo ungemrudisha kwenye kiti kile na mkono ule.

Halafu nikamweleza habari ya maski. Aliacha kulia, akanitazama. "Mafuta ya Kogo?" Akafuta uso. "Mama, hata sikufikiria. Nilikuwa naogopa tu watu wasisikie harufu." Akachuna nyasi kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Mwambie Wafula asiseme. Nitasema mwenyewe."

Tuliporudi, kulikuwa na kazi ya kumweleza Kogo. Nilimwambia mafuta yake ni mazuri, mikono yake ni mizuri, lakini mafuta hayo yasifike kwenye ndege.

"Kwani ndege inaogopa kondoo?"

"Hewa wanayovuta huko juu ikikutana na mafuta inaweza kuwaka moto, Kogo. Usoni mwake."

Alilitazama kopo, akamtazama mjukuu wake, akachukua kopo akaliweka mbali na makaa, taratibu, kama kitu kilichokuwa kimemdanganya. "Basi," akasema, "atapaka akiwa chini. Akiwa huko juu akae na Mungu na sabuni."

Jumatatu Langat alisimama mbele ya mkubwa wake akasema yote: shingo, vidole, mafuta. Alisemwa sana kwa ajili ya mafuta, na ilikuwa haki. Daktari alimweka chini siku hiyo hiyo. Picha ya hospitali ilionyesha diski moja ya shingo, ule mto laini ulio kati ya mifupa, imetokeza na kugusa mshipa. Daktari wa upasuaji alisema tungoje kwanza, tujaribu bila kisu, na Langat akapewa kazi ya mezani, ya kupanga ratiba za wenzake kuruka. Sijui ni nani aliyebuni adhabu hiyo kwa mtu ambaye hakuwa amehukumiwa.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Alikuja kwangu kila asubuhi, akafanya nilichomwambia, na kwa muda hakunisalimia. Ile "Chamgei, Mama" ilikauka. Sikumlaumu, ila nilikuwa nikiikosa. Mwanzoni hatukugusa mizani kabisa. Tulianza na kulala vizuri, kukaa vizuri, kupumua, kusogeza kidevu nyuma kidogo tu. Alichukia zoezi hilo la kidevu. Alisema linamfanya aonekane kuku. Baadaye daktari akaturuhusu, tukaleta tyubu, halafu mizani. Mshale ulisogea kidogo mno. Siku nyingine ulirudi nyuma, naye akatoka bila kuniaga.

Habari njema haikutoka kwa daktari. Langat alikuwa amekwenda Ndanai kwa mapumziko mafupi, na simu yangu ikalia, namba nisiyoijua. Alikuwa Kogo Taprandich, ameazima simu ya jirani na anapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Amepokea kikombe!"

"Kwa kulia, Kogo?"

"Kwa kulia! Na hakumwaga!"

Nilikuwa peke yangu chumbani. Nikakaa kwenye kitanda cha wagonjwa nikafunika uso kwa taulo, nikamshukuru Mungu kwa Kipsigis, maana ndiyo lugha ninayoaminiana naye.

Bado ilibaki kazi. Daktari hakukubali kuharakishwa, wala mimi. Lakini siku ilifika, Langat akaruhusiwa kupanda tena, kwanza kiti cha mbele. Wafula alimvalisha maski mwenyewe, baada ya kumnusa shingo, pande zote mbili, bila aibu. Tulisimama kando ya banda, Wafula na mimi, tukijifanya tuna shughuli pale. Ndege ilipotoka niliifuata kwa macho mpaka ikapotea. Iliporudi, Langat alishuka, akavua helmeti, akapiga hatua kadhaa, kisha akageuka kuutazama mkia wa ndege yake. Mabega hayakusogea. Kichwa peke yake ndicho kilichogeuka, mpaka kikatuona sisi. "Chamgei, Mama!" akapaza sauti, na Wafula, ambaye hajui hata neno moja la Kipsigis, akaitikia kabla yangu.

Lakini lililobadilisha kambi ni alilofanya baadaye. Katika chumba chao cha mikutano, mahali ambapo rubani husimama kujisifu, alisimama akaeleza alivyoficha. Alisema habari ya kikombe cha nyanya yake. Alisema habari ya kondoo, na wakacheka mpaka wakashika mbavu, ila waliosikia walikuwa wamesikia. Akaomba pia jambo moja, kwamba yeyote anayeshika usukani aseme "Kichwa!" kabla ya kukata kona kali, ili wa nyuma aegemeze chake. Mkubwa alikubali. Akakubali pia, baada ya mimi na daktari kumsumbua kiasi cha kutosha, kwamba anayesema mapema apumzishwe, atibiwe, na kiti chake kimngoje. Wiki ile mlango wangu ulipata wageni ambao hawakuufunga nyuma yao. Nilimpigia Mutua, aliyekuwa amestaafu zamani, nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sawa." Baada ya siku chache nikaletewa gunia la machungwa.

Nilipostaafu niliwaachia nyinyi mizani. Itunzeni, na msiiwekee kioo wala taa. Hapa Kapsoit wagonjwa wangu ni wachuma chai, ambao mkanda wa kikapu umewakalia kichwani miaka mingi, na vijana ambao simu zimewainamisha shingo kabla hawajabeba kitu chochote cha maana. Wananilipa kwa maziwa na kwa stori. Sijanung'unika.

Juzi nilikuwa shambani simu ikalia. Sauti ya kijana, ya heshima, yenye wasiwasi kidogo. Alijitambulisha kuwa rubani mpya, na kwamba amepewa namba yangu na mwalimu wake, Langat.

"Madam, nilikuwa kiti cha nyuma. Yule wa mbele alisahau kusema kichwa. Shingo imekazana."

Nikasimama wima katikati ya michai. "Vidole viko aje?"

"Viko poa. Hakuna ganzi."

"Umemwambia daktari?"

"Nilimwambia siku hiyo hiyo, tukishuka tu. Amenipumzisha."

Aliisema kama mtu anayesema amekunywa chai. Nikabaki nimeshika simu, macho yamejaa, na mchuma chai mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa.

"Sasa ulikuwa unataka nini kwangu, kijana?"

"Madam, si unajua… ni hii story ya mafuta ya kondoo. Nilitaka tu kujua kama inasaidianga."

"Uko chini?"

"Niko chini, Madam."

"Basi paka."